Kamba Juu ya Kiota cha Kwale

"Haki ya Mungu, kila neno ni kweli tupu!" Mzee Bwire alitandaza mikono mbele ya kilima cha nyasi nyuma ya nyumba za reli, Makongeni. "Kisiwani kwetu, kule ziwani, mwaka mmoja walichoma mlima mzima, kwale wakahama. Kupe wakakosa wa kuwala. Mmoja akanona hadi akawa kama kofia. Fahali alimwona akatoroka!"

Watu walicheka, ila si Muthoki. Juzi nyoka alikuwa ametoka kwenye nyasi hizo akaingia jikoni kwake. "Mzee, toka njiani. Tunachoma."

Bwire hakubanduka. Asubuhi alikuwa amemwona kwale akijipenyeza mle ndani, na hakutoka. Analalia mayai. "Niburute kamba kwanza, kama wazee wa kisiwani. Ndege akiruka, pale panaachwa, kwingine mchome. Na nikipatikana nimedanganya, nitawatekea maji ploti nzima hadi Jumapili."

"Isipomwamsha ndege, kiberiti kinawaka." Muthoki alishika ncha ya pili, panga mkono wa kulia.

Wakapanda, kamba ikilaza nyasi. Hakuna kitu. Chini yao Wekulo, fundi wa viatu, alikuwa ameshawasha tambara kwenye kijiti, hana subira.

"Buda, harakisha!" Muthoki alimhimiza mzee, akivuta kamba.

"Polepole, utapasua mayai!"

"Mayai gani? Sioni hata unyoya!"

Upepo ukageuka. Cheche ikaanguka, nyasi zikashika, Wekulo akapiga kelele. Moshi ukawafuata kilimani. Bwire alikohoa lakini kamba hakuiachilia. Hatua nyingine. Nyingine tena.

Frrr! Kwale aliruka miguuni pa Muthoki.

Mayai yalikuwa yamelala kwenye shimo dogo. Muthoki aliinama akaanza kufyeka pande zote kama kichaa, Bwire akizoa nyasi kwa mikono. Moto ulifika, ukalamba udongo mtupu, ukapita kando.

Kisha Nakhumicha, dada yake Bwire, akaangua kicheko.

"Kisiwa gani, wewe? Sisi tumezaliwa hapa hapa Makongeni! Mashua umeiona kwenye kalenda. Mbinu ya kamba ni ya nyanya yetu, hiyo kweli. Lakini huyo kupe ni wako!"

Muthoki, uso umejaa masizi, alishuka hadi ploti. Alileta mitungi, akaipanga mbele ya mzee.

Bwire aliiokota. "Ilikuwa kofia ndogo," alinong'ona, akashika njia ya bombani.