Jenerali wa Kushindwa Polepole

Saa sita na robo mchana fundi wa kuchomelea alizima mashine yake, akavua miwani myeusi, akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko. Alijipenyeza nyuma ya mageti matatu yasiyokamilika, akaketi mbele ya kompyuta, akavaa hedifoni na kubonyeza. Ng'ambo ya barabara, juu ya maegesho ya magari ya baraza la mji, zahanati ikasimama. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakabeba watoto na kadi zao, wakaingia ndani.

Mtaani walimwita Jenerali, na halikuwa jina la sifa. Kwa miaka miwili alikuwa akicheza mtandaoni vita vya vifaru na ndege, na hakuwa ameshinda hata mara moja. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa kipimo hicho fundi alikuwa mshindani asiye na mfano. Lakini alikuwa na kipaji ambacho hata waliomcheka walimkubalia: alishindwa polepole. Wenzake walitandikwa kwa dakika kumi wakatupa kibodi. Yeye aliburura vita mpaka dakika arobaini, hamsini, akirudi nyuma ukuta kwa ukuta, akijibanza nyuma ya tangi la maji, akifa, akifufuka baada ya sekunde kumi, akifa tena, bila kinyongo, kwa subira ileile aliyopigia msasa mlango wa chuma.

Mtaa mzima uliishi kwa subira hiyo. Zahanati ya kweli ilibomolewa na baraza mwaka juzi ili magari ya ofisi yapate pa kulala. Nyingine iliahidiwa hivi karibuni, na mfano wake wa mbao ukawekwa ndani ya sanduku la kioo mapokezi ya ofisi, ambako dada wa mapokezi aliupangusa vumbi kila Jumatatu. Ila kabla ya kubomolewa walikuja mabinti wawili na kamera ya miguu mitatu. Walipiga picha kila ukuta, kila bomba na kila rafu, wakashukuru, wakaenda zao. Baadaye mtaa ukaonekana ndani ya mchezo, zahanati ikiwa imesimama na bendera langoni. Tangu hapo, vita vikianza kwenye uwanja huo zahanati husimama, na vikiisha huondoka.

Watu walizoea masharti yake kama walivyozoea mgao wa maji. Bomba lilitoa maji, kwa sababu siku ya picha lilikuwa wazi. Taa ya korido haikuwaka, kwa sababu siku ya picha ilikuwa imeungua. Dawa uliyoitoa nje ilitoweka vita vilipokwisha, ila iliyokwisha kuingia mwilini ilibaki humo na kufanya kazi yake. Magari ya baraza hayakusogea. Zahanati iliyazunguka yalipokuwa, na akina mama wakayapita kwa ubavu koridoni. Mabomu na makombora hayakumdhuru mtu ambaye hakujisajili kwenye mchezo, na mtaani aliyejisajili alikuwa Jenerali peke yake. Ndiyo maana yeye hakukanyaga zahanati hiyo hata siku alipougua jino.

Mkunga wa pale alikuwa dada yake mkubwa. Siku zahanati ilipobomolewa alipewa barua ya kustaafu, na siku ya vita vya kwanza alirudi kazini bila barua. Nusu saa ilimtosha kuchanja, kupima uzito na kushona jeraha. Kuzalisha hakuthubutu. Mimba haijui habari za bendera, alisema, na wajawazito aliwapeleka hospitali kubwa, mwendo wa saa tatu kwa gari.

Mwaka uliopita alimpeleka huko binti wa Jenerali. Mtoto alizaliwa njiani, kiti cha nyuma, akakosa pumzi, na hapakuwa na mashine ya kumpa. Walimzika siku ileile. Jenerali mwenyewe alichomelea uzio mdogo wa kaburi, na kwa wiki mbili hakucheza wala hakuongea na mtu. Kilichomkaa rohoni ni kwamba mashine ya oksijeni ilikuwepo, kona ya chumba cha kujifungulia, ng'ambo ya barabara. Ilihitaji tu mtu wa kushindwa.

Sasa binti alikuwa na mimba ya pili, na Jumanne hiyo uchungu ulimshika wiki tatu kabla ya siku zake kutimia. Dada mtu alikuja karakanani akiwa ameshavaa glavu.

"Mdogo wangu, njia imefunguka nusu. Simpeleki popote. Nipe saa tatu."

"Sijawahi kushindwa kwa saa tatu, dada."

"Basi leo utajifunza."

Ndiyo maana fundi alifunga kazi mapema. Alijua kanuni: vita huisha upande mmoja ukishika bendera zote tatu, na bendera haishikiki iwapo adui amesimama kando yake. Alipanga kurudi nyuma, kufa, kufufuka na kurudi tena, kama kawaida yake, mpaka mjukuu atoke.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Upande wake ulichapwa kwa utaratibu. Vifaru vilipita mtaani, akina mama wakaanua nguo kwenye kamba zisikamatwe na mizinga, na muuza mkaa akakisubiri kifaru kimoja kipite ndipo avuke. Katika chumba cha kujifungulia kulikuwa na jambo dogo la kurekebisha. Nafasi ya maegesho namba saba, ambayo ni ya Katibu wa baraza, iliangukia kona ya mashine ya oksijeni, na Katibu alikuwa ndani ya gari lake amelaza kiti, anapumzisha chakula. Mkunga alimgongea kioo. Alimwambia kwa kuwa yupo na mikono yake mizima, amshikie dripu. Katibu alishusha kioo, akatoa mkono, akashika.

Katika saa ya pili mambo yakaharibika: upande wa Jenerali ulianza kushinda.

Upande wake alikuwa ameingia rubani mgeni aliyejiita Kipanga, na hakukosea bomu. Katika dakika kumi na tano alisafisha bendera ya kwanza. Katika nyingine ishirini akasafisha ya pili. Wenzake wakampongeza. Jenerali, ambaye kwa miaka miwili aliota siku kama hiyo, alianza kuhesabu dakika. Ilibaki bendera ya tatu, ya lango la zahanati, na kando yake kifaru kimoja cha adui, kimevunjika mnyororo, hakisogei. Mwenye kifaru hicho alijiita Nyundo. Kipanga alizunguka juu ya paa la zahanati akijiweka sawa.

Jenerali alikiendesha kifaru chake mpaka langoni, akakibana ubavuni mwa kile cha Nyundo, na mzinga wake akaulaza juu yake kama mtu anayemfunika mwenzake mvua. Bomu la Kipanga likaanguka. Mabomu ya upande wako hayakudhuru. Moshi ulipotawanyika vifaru vyote viwili vilikuwa vizima.

Upande wake ulimtukana kwa lugha nne. Nyundo alikuwa na sauti ya mama mtu mzima, na nyuma yake kuku walisikika wakiparura. Kwao ilikuwa alfajiri. Maneno yake yalipita chini ya skrini yakiwa yametafsiriwa. Aliuliza kwa adabu kama mwenzake amejipoteza. Jenerali alimwambia asisogee.

Kipanga alitupa bomu la pili, kisha la tatu. Katika chumba cha kujifungulia rangi ilibanduka darini ikaanguka juu ya boneti la Katibu. Mkunga aliufungua mlango, akapiga kelele kuelekea kwenye kifaru cha mdogo wake kwamba kichwa kinaonekana, na kwamba huyo wa juu apunguze vumbi.

"Nyie mnacheza au mnabembelezana?" Kipanga aliuliza. "Mzee, toka hapo tushinde."

Jenerali hakuwa mtu wa kusimulia watu mambo yake. Hata kaburini alisema maneno matatu tu. Lakini alisema, na sauti yake ikawafikia wote waliokuwa vitani, wa upande wake na wa upande mwingine.

"Binti yangu anajifungua ndani ya hilo jengo. Mkishinda, linaondoka."

Hakuna aliyeuliza jengo la mchezoni linazalishaje. Mmoja aliuliza kama maji ya moto yapo.

"Mtoto wa ngapi?" Kipanga akasema.

"Wa pili. Wa kwanza tulimzika."

Ndege ilikata kona, ikapanda juu. Kuanzia hapo Kipanga alizunguka zahanati akimzuia yeyote aliyesogelea bendera, awe wa upande wao au wa adui, na wageni walioingia vitani kwa pupa walielezwa hali ilivyo wakapanga vifaru vyao kando ya barabara. Nyundo alimwambia Jenerali kwamba yeye amezaa saba, na kwamba akina baba husumbua kuliko uchungu wenyewe, basi anywe maji. Jenerali akanywa maji. Kupitia tundu la kifaru chake aliliona pazia la chumba na kivuli cha dada yake kikiinama na kuinuka. Hakuweza kuvuka barabara ile ya hatua ishirini. Akivuka kuna mgeni angemlipua, na akiondoka kwenye kiti kifaru kingebaki bila mtu. Alikaa, akaogopa, kama mzazi yeyote aliyeketi nje ya mlango.

Mtoto alitoka saa tisa na dakika nane, wa kike, kimya. Jenerali aliona kivuli kikigeuka upesi kwenda kona ya mashine. Akasikia mkunga akimwamuru Katibu asogeze kiwiko. Kisha hakusikia kitu. Alihesabu mizunguko ya Kipanga: mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne.

Mtandao siku hiyo ulikuwa mzito, kwa hiyo kilio alikisikia mara mbili. Kwanza kilipita dirishani mwa karakana, kutoka ng'ambo ya barabara. Baadaye kidogo kikaja kwenye hedifoni, na hapo ndipo walipokisikia na wengine. Jenerali aliweka paji la uso juu ya kibodi akalia, na kifaru chake kikapiga honi mfululizo mpaka alipoinua kichwa.

Mashine iliendelea kumpa mtoto hewa kwa nusu saa nyingine. Vita vyote vilisubiri. Dada mtu alipotoa mkono nje ya dirisha na kuupunga, mama na mtoto walikuwa wamekwisha kutolewa, wako uani kwa muuza mkaa, kivulini.

"Sasa shinda, Jenerali," Nyundo alisema, akakizima kifaru chake. "Umeisubiri sana."

Bendera ya tatu ikapanda. Skrini iliandika USHINDI kwa herufi za dhahabu, na ng'ambo ya barabara zahanati ikaondoka. Katibu alibaki garini, nafasi namba saba, mkono nje ya dirisha, ameshika hewa. Baada ya muda aliushusha. Alimpongeza babu wa mtoto, akasema kwamba jambo hili lazima alifikishe kikaoni, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kweli.

Alilifikisha. Kikao kilichukua asubuhi nzima. Katibu alituma kwa mzazi blanketi jipya la pamba, na kwa fundi wa kuchomelea, kwa kuwa hakukuwa na mwingine karibu, akatuma oda ya kibao kimoja cha chuma chenye mguu, cha kusimikwa nafasi namba saba. Maandishi yaliambatanishwa, na sahihi yake chini: NI MARUFUKU KUJIFUNGULIA KATIKA MAEGESHO HAYA.

Jenerali aliisoma karatasi mara mbili. Alisema moyoni neno moja lisiloandikika, kisha akawasha mashine, kwa sababu kazi ni kazi na chuma hakina kosa. Alichomelea kibao kikanyooka, akakipaka rangi tabaka mbili. Juu kabisa ya mguu, mahali pa kimo cha mtu aliyeinua mkono, aliongeza ndoano ambayo haikuwa kwenye mchoro.

Vibarua wa baraza walikisimika Alhamisi asubuhi. Alhamisi hiyohiyo mchana dada mtu alipita karakanani amevaa glavu.

"Leo nina wawili," alisema, "na mmoja ana mapacha."

Fundi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alipobonyeza, zahanati ilisimama, na kibao kikawa ndani yake, kona ya mashine ya oksijeni, maandishi yakitazama kitanda. Mkunga alikisoma, akatundika dripu kwenye ndoano, akamwambia wa kwanza apande. Juu ya paa Kipanga alikuwa ameshaanza kuzunguka. Jenerali akavaa hedifoni, akawasalimia kuku wa Nyundo, akaanza kushindwa.