Vanishi Juu ya Mafuta

Ijumaa tarehe ishirini na mbili, mwezi wa nane, nilirudi kutoka kliniki ya macho nikakuta jikoni kwangu kunanuka vanishi. Mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha. Kaunta yangu ya mbao, ambayo marehemu mke wangu aliitunza kuliko alivyonitunza mimi, ilikuwa inang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Niliigusa. Kidole kikanata.

Wakubwa huamua mambo ya jikoni hali hawajawahi kuosha hata sufuria. Mbao haitaki kung'arishwa juu juu, inataka kunyweshwa. Unaipitishia msasa laini kufuata mistari yake, unafuta vumbi, unapaka mafuta ya kitani kwa kitambaa, unaiacha inywe, kisha unafuta yaliyobaki. Baada ya hapo unaiacha ipumue siku kadhaa. Marehemu alikuwa na kipimo chake. Alichovya kidole kwenye maji, akadondosha tone. Tone likisimama kama shanga, alisema, "Huyu ameshiba." Likitandaa, alinigeukia mimi: "Bwana wee, mbao ina kiu, nawe umekaa kama mgeni rasmi!"

Karibu na sinki pana kibonyeo, mahali alipokandia unga miaka yote ya ndoa yetu. Nikipaka mafuta nilianzia hapo. Na wiki ile nilikuwa nimetoka kuipaka Jumatano. Ilikuwa bado inakunywa.

Nyumba zetu ni za kiwanda, tunakaa wastaafu. Ofisi ya majengo ilikuwa imeamua majiko yote yafanane: kaunta za mbao zipakwe vanishi, zilizooza zing'olewe, ziwekwe za plastiki. Kwenye kikao nilisimama nikakataa. Wakacheka kwa adabu, kama wanavyocheka watu wenye viti vya kuzunguka. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye mwenyekiti wa wakaazi. Alinifuata nje akanishika bega.

"Shemeji, lala usingizi. Kaunta ya dada yangu haiguswi nikiwa hai."

Na ufunguo wa akiba wa nyumba yangu alikuwa nao yeye tu. Dada yake alimpa alipoanza kuugua, ili asije akazidiwa peke yake ndani.

Jioni ile nilimkuta barazani kwake anapiga pasi shati.

"Shemeji, uko hai?" nikamuuliza.

"Aa, maswali gani tena hayo?"

"Nauliza tu. Maana kaunta imeguswa, nikadhani tumeshakuzika."

Hakucheka. Alipitisha pasi mahali palepale mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kuungua. "Ofisi wana haraka zao," akasema. "Ikikauka utaizoea."

Haikukauka. Vanishi haishiki juu ya mafuta mabichi. Jumatatu bwana mkubwa wa majengo alikuja mwenyewe, akabonyeza kwa dole gumba, likaacha alama.

"Mzee, hii mbao imeoza."

"Haijaoza. Ina mafuta. Mmeipaka kabla haijamaliza kunywa."

"Vanishi ni ileile kila nyumba. Imekataa kwako tu. Sasa mwenye kasoro ni nani, vanishi au mbao?" Akawageukia wenzake wakatabasamu. Mimi shule niliishia la nne, lakini najua mtu akikuuliza swali huku ameshashika jibu mfukoni. Akanipa mpaka Ijumaa: nikifikia mbao safi, itabaki. Nisipofikia, wanang'oa.

Nilianza na upande wa dirisha. Msasa ulijaa gundi, nikautupa, nikachukua mwingine mkali zaidi. Mabega yaliwaka moto. Lakini mbao ilianza kutokea, ya kahawia, yenye mistari yake, nikajikuta napiga mluzi. Alhamisi nikafika karibu na sinki. Vanishi ilikuwa imetuama ndani ya kibonyeo kama uji uliolala. Ukikwaruza kidogo haitoki. Ili itoke, ilibidi niteremshe mbao yote ya pembeni mpaka iwe sawa, na kibonyeo kiishe.

Nilisimama na msasa mkononi. Kuiokoa kaunta kwa kufuta alama ya mikono ya marehemu! Nikauweka msasa chini, nikaenda kukaa kitandani na vumbi langu.

Ijumaa walikuja kuing'oa. Fundi wao, kijana mpole, alilegeza misumari polepole kama anamvua mgonjwa viatu. "Nisamehe, mzee," akasema. "Mimi niliambiwa tu nianze na kwako, kwa sababu asubuhi ile utakuwa kliniki."

Safari ya kliniki nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu.

Mtu mwenyewe alikuwa ameshaingia, ameshika ncha moja ya kaunta awasaidie kuitoa. Shemeji. Jasho lilimtoka puani.

"Iweke chini," nikamwambia.

"Shemeji, tusiaibishane mbele za watu."

"Iweke chini!"

Akaiweka. Kisha akaropoka yote, kama gunia lililopasuka. "Kila nikija nakukuta umeinamia huu ubao. Chai imepoa, mkate umekauka, wewe unasugua na kuongea nao. Unanijibu nusu nusu. Dada yangu nimemzika. Na wewe je, nikae nisubiri kukuzika?"

"Dada yako angekuambia ufungue mlango wangu?"

"Dada yangu angekuambia ule!"

Fundi alijifanya anatafuta msumari sakafuni. Nilimtazama shemeji yangu, mwenyekiti, na lile shati lake lenye alama ya pasi. Ofisi naijua. Ofisi haina dada, haina shemeji, inakanyaga popote inapotumwa na karatasi yake. Hao siwashangai. Lakini ofisi haijui ni siku gani nakwenda kliniki.

Wameipakia kwenye mkokoteni, na yeye bado amesimama jikoni kwangu, mikono imemning'inia, anatazama ukuta mtupu ilipokuwa kaunta. Nimemuuliza mara moja, na sasa namuuliza tena: shemeji, walikuja kukuomba ufunguo, au wewe ndiye uliyekwenda kuwaita?