Paja la Kuku la Su-o

Mume wangu Bun-hiong hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mzito wa mdomo. Tangu anioe sikuwahi kumsikia akisema asante, isipokuwa kwa mungu wa ardhi, na huyo naye alimwambia kwa kuwasha ubani tu. Kiwandani kwetu katika mji wa Lukang tulivuta tambi kwa mikono na kuzianika uani. Aliyezivuta zikawa nyembamba bila kukatika ni Su-o, mfanyakazi mjane tuliyemrithi pamoja na kiwanda kutoka kwa baba mkwe. Wateja walifuata tambi zake, hawakufuata sura ya mume wangu.

Mwaka ule kiwanda kipya cha ng'ambo ya mto kikaanza kumvizia. Nikamwambia Bun-hiong, "Mshukuru yule mama kabla hajachukuliwa."

"Nimshukuru kwa lipi? Kwani simlipi?"

"Neno moja tu, baba. Ulimi umeukodi?"

Alinuna siku nzima. Jioni akasema, "Haya. Kwenye karamu, mbele ya watu wote." Nikafurahi kama mjinga.

Kwenye karamu yetu ya kufunga mwaka kuku huletwa mzima, na kila mtu anajua kwamba yule anayeelekewa na kichwa hatakiwi tena kazini baada ya sikukuu. Ndivyo mabosi wa kwetu wanavyofukuza mtu bila kufungua mdomo. Kwa hiyo kila mwaka kichwa nilikielekeza kwa mume wangu mwenyewe, ili watu wale kwa amani. Siku hiyo pia nilifanya hivyo, nikarudi jikoni kuchota supu.

Yaliyotokea niliyasikia baadaye. Bun-hiong alisimama, akakohoa, masikio yakamwiva, lakini asante haikutoka. Basi akaushika uso wa meza, ule unaozunguka, akauzungusha mpaka sahani ya kuku ikasimama mbele ya Su-o, ili achague paja kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Kula," akasema, akaketi. Alikumbuka paja, akasahau kichwa.

Watu wakatazamana. Su-o alichukua kipande kidogo, akakimaliza, akainama kwa adabu na kutoka. Nilipoleta supu nilikuta kiti chake kitupu na mume wangu anatabasamu peke yake.

"Nimemshukuru," akaninong'oneza. "Imemgusa mpaka kaenda kulia nje."

Siku ya kufungua kazi tulilipua fataki, Su-o hakutokea. Bun-hiong akauliza yuko wapi. A-kiok, mpakiaji wetu asiyemwogopa mtu, akadakia, "Bosi, umfukuze mtu kwa kuku halafu umuulizie? Una mzaha wewe!"

Mume wangu alibadilika rangi. Tulivuka mto wote wawili, tukamkuta Su-o kwenye kile kiwanda kipya, unga umemjaa hadi viwikoni.

"Dada Su-o," mume wangu akasema, naye hakuwahi kumwita dada, "mimi nilikuwa nakupa paja."

Su-o alimtazama, akacheka kidogo huku machozi yakimlengalenga. "Paja? Ningejuaje, bosi? Miaka yote hiyo hujaniambia kitu. Nilipofika hapa tu bosi wao kaniambia asante, nikageuka nyuma kuangalia anamwambia nani."

"Rudi, basi. Asante. Asante kwa yote."

"Hawa nimeshawaahidi." Akajifuta macho kwa mkono wenye unga. "Ungeyasema haya pale mezani, bosi, nisingekwenda popote."

Siku hizi Bun-hiong anamshukuru kila mtu, hata mleta barua, na A-kiok anamtania kwamba ataishiwa. Kwenye karamu ya mwaka uliofuata aliniamuru nikikate kichwa cha kuku huko huko jikoni, kisha akazunguka meza akiwashukuru mmoja mmoja kwa jina. Watu walifurahi sana. Mimi roho iliniuma, maana asante ya kwanza ilikuwa ya Su-o, na sisi tulikuwa tunagawana mali ya mtu asiyekuwepo.