Sheria ya Paji la Uso

Mtaa mzima ulimwita Chuma, na hakuna aliyeona jina hilo ni kejeli. Mafua yakizunguka nyumba kwa nyumba, yakilaza wanaume wazima na vifua vyao, kwake yalipita kama mgeni aliyekosea mlango. Alikuwa fundi cherehani, na sebule yake ilikuwa karakana, kijiwe na soko la umbea kwa pamoja. Ukitaka kujua nani kaachika na nani karudiwa, ulipeleka suruali ipunguzwe kiuno, ukakaa.

Binti yake kitindamimba, aliyerithi ufundi na kukalia cherehani ya pili, alikuzwa na mama yake huyo kwa sheria moja. Ukisema unaumwa, Chuma anakuwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso. Likiwa la moto, unalala. Likiwa la baridi, unavaa sare unakwenda shule, hata kama tumbo linakukata vipande vipande. "Mwili ukiumwa unawaka," alikuwa akisema. "Usiowaka ni uvivu." Watoto wake wote walikua chini ya mkono ule, na tuseme kweli, haukuwahi kuwadanganya.

Kwa hiyo sindano ya cherehani ilipomtoboa Chuma kidole, hakuna aliyeshtuka. Fundi asiyechomwa sindano ni fundi gani? Alinyonya damu, akafunga kidole kwa kipande cha kitambaa, akamalizia kisa cha jirani aliyejificha ndani ya pipa tupu kumkwepa mkwewe, na mkwewe akaja akaketi juu ya pipa. Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Kidole kilivimba, tena si sana. Kilichomkosesha binti raha kilikuwa kingine. Kwanza mama alianza kuacha chakula nusu sahani. Kisha, asubuhi moja sebule ikiwa imejaa, akashona mkono wa shati kwenye kola. Akaligeuzageuza lile shati, akamtazama binti yake.

"Hivi huyu mteja ana mikono mingapi?"

Sebule ikaangua kicheko. Muuza mkaa, shoga yake wa miaka mingi, alifuta machozi kwa upindo wa khanga. "Chuma wewe utatuua."

Binti hakucheka. Aliyaona macho ya mama yake. Yalikuwa yakisubiri jibu.

"Mama, twende zahanati."

"Tukafanye nini?"

"Wakuangalie tu."

"Niangalie wewe. Mkono si unao?"

Binti akaweka mgongo wa mkono. Paji lilikuwa baridi kama mtungi uliokaa kivulini. Muuza mkaa naye akajaribu, halafu mteja wa kwanza, halafu wa pili, kila mtu anagusa na kutikisa kichwa kama wanaonja mchuzi.

"Baridi kuliko langu," mteja mmoja akatoa hukumu.

"Mwanangu, muache mama yako apumue," muuza mkaa alisema. "Uzee ndio huo. Mimi jana nimetafuta miwani nimeivaa."

Wakacheka tena. Binti akaona haya, akachukua lile shati akaanza kulifumua. Alijua kuna kitu kimeingia nyumbani. Ila hakuwa na ushahidi, na sheria ilikuwa ya mama mwenyewe.

Kesho yake aliamshwa na mlio wa cherehani. Chuma alikuwa amekaa mbele ya mashine, miguu ikikanyaga pedali kwa bidii zote, na chini ya sindano hapakuwa na nguo. Sindano ilikuwa ikichoma bati tupu. Alipumua haraka kama mtu aliyepanda mlima.

"Karibu, dada," alimwambia binti yake. "Fundi mwenyewe katoka."

Muuza mkaa alikuta teksi mlangoni. Alimgusa Chuma paji, akanong'ona, "Bado baridi. Si ungengoja basi hata homa ije?"

"Nimengoja jana, mama yangu," binti akamjibu.

Hospitalini daktari alikifungua kidole, akapima shinikizo la damu, akapima tena. "Homa ilimwanza lini?"

"Hana homa," binti alisema, kama anayemtetea mama yake polisi. "Hajapata homa hata kidogo."

"Hilo ndilo linalonitisha." Daktari aligusa mfupa wa kifua chake mwenyewe. "Nyuma ya hapa kuna tezi ambamo askari wa mwili hufundwa. Utotoni imejaa. Miaka ikienda inasinyaa, inageuka mafuta, na askari wapya wanakuwa haba. Wa zamani wapo, lakini wamechoka. Homa ni mwili unaowasha moto kumfukuza mdudu. Kwa mzee mdudu anaweza kuingia, akapita sebuleni, akafika hadi chumbani, na moto usiwake. Unaona tu mtu anachanganyikiwa."

"Lakini mama hakuwahi kuumwa."

"Ujanani," daktari alisema, bila ukali. "Sasa wadudu wako kwenye damu. Dawa tumeanza. Tusubiri."

"Tunasubiri nini?"

"Shinikizo la damu lipande, limeshuka mno. Na joto. Akipata homa sitasikitika. Baridi hii ikizidi, ndipo tutakapoogopa."

Ukumbini nje kulikuwa kumejaa. Muuza mkaa alikuja na nusu ya mtaa, na sauti yake ilipenya mlangoni: "Chuma huyo. Mtaona, akitoka atatusengenya mmoja mmoja, nani alilia na nani alijifanya analia." Watu wakacheka, safari hii kwa chini.

Ndani, binti alivuta kiti karibu na kitanda. Mama yake alilala kimya, vidole vikikunjakunja shuka kama anapima upindo. Binti akaweka mgongo wa mkono kwenye paji. Baridi, kama mkasi wa asubuhi. Maisha yake yote alikuwa ameomba baridi hiyo kwenye paji la kila aliyempenda. Sasa aliomba moto.

Akageuza mkono, akalaza kiganja chote, akakibakiza hapo. Wauguzi walipita na kurudi. Sauti za ukumbini zikapungua. Na polepole, chini ya kiganja, akahisi uvuguvugu.

Alitaka kuita. Badala yake akaondoa mkono, akangoja kidogo, akaurudisha.

Paji lilikuwa baridi vilevile. Joto lile lilikuwa la kiganja chake.