Diski ya Ijumaa

Ofisi ya wapima ardhi ilikuwa na wafanyakazi ishirini na wawili, ramani za viwanja za miaka tisa, na ugomvi mmoja. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mifumo ya kompyuta, na waliogombana walikuwa watu wa familia moja: Bi Waya, fundi mtandao wa ofisi hiyo tangu siku ya kwanza, na mdogo wa mumewe, aliyefunga mitandao ya biashara za watu mjini. Waliitana shemeji, na hapa yule mwanamume tutamwita hivyo hivyo, Shemeji.

Bi Waya alikuwa mtu wa Linux, tena si kidogo. Seva yake, mashine iliyohifadhi ramani zote na kuzigawa kwa kompyuta za wachoraji, ilikuwa na siku mia nne bila kuzimwa, na yeye alizitaja siku hizo kama mama anavyotaja miezi ya mwanawe. Shemeji alikuwa mtu wa Windows, na mkurugenzi alikuwa amemwita atoe ushauri.

"Mfumo wako mzuri, shemeji, sikatai," Shemeji alisema mbele ya wote. "Lakini siku ukiugua, nani mwingine humu anaujua? Wangu hata mfanyakazi wa jana unampa jina na neno la siri, anafungua kila anachoruhusiwa, na printa juu."

"Na mfumo wako ukiamua kujisasisha katikati ya kazi, wachoraji waende wapi?"

"Wakanywe chai. Wengine humu inawafaa."

Watu walicheka, na Bi Waya naye alicheka, ila kwa meno tu. Alijua kwamba mkurugenzi akiuchagua mfumo wa Shemeji, yeye na umri wake wa miaka hamsini na mmoja hangekuwa na kazi tena pale.

Mkurugenzi alichoshwa na maneno, akaamua washindane. Kwa biashara, alisema, mfumo bora ni ule unaoinuka haraka baada ya kuanguka. Jumatatu saa tatu kila mmoja angeanza na mashine tupu, achukue nakala ya Ijumaa, airudishe ofisi kazini. Ambaye wachoraji wangefungua ramani kwake kwanza, ndiye mshindi.

Nakala hiyo ilikuwa na mlezi wake. Kila Ijumaa alasiri programu ya Bi Waya ilinakili ramani zote kwenye diski ndogo ya kuchomeka. Mtunza kumbukumbu, mama mtu mzima waliyemwita Mama Faili, aliichomoa, akaitia mkobani, ikalala kwake hadi Jumatatu, ili moto ukiingia ofisini ramani zipone. Diski zilikuwa mbili, nyeupe na nyekundu, zikipokezana wiki baada ya wiki. Mama Faili alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na alikuwa ameshaanza kuwauliza watu nani atazibeba baada yake.

Jumatatu ilipofika, Shemeji alikuja na mashine mpya. Bi Waya aliletewa ya akiba ili ashindane nayo, akaikataa. Alitaka seva yake mwenyewe, kuukuu hivyo hivyo, imshinde mgeni.

"Acha hiyo ilivyo, shemeji," Shemeji alimwambia. "Ina kazi za watu. Tumia hii."

"Mwenye wasiwasi ni wewe. Mimi nakala yangu naijua."

Saa tatu na dakika kumi Bi Waya aliifuta seva yake yote, akaanza kusimika mfumo upya. Hakuna aliyemtuma. Mpaka leo, akilikumbuka jambo hilo, ndilo linalomrudia: hakuna aliyemtuma.

Shemeji alikuwa wa kwanza kuchomeka diski nyekundu, iliyokuwa ya zamu ya Ijumaa ile. Akatazama kioo, akaichomoa, akaichomeka tena.

"Haionyeshi kitu."

"Bila shaka," alisema Bi Waya, akifurahi waziwazi. "Mfumo wako umekutana na kazi ya watu wazima. Lete huku."

Akaichomeka kwake. Diski ilifunguka bila shida yoyote, na ndani hamkuwa na kitu. Hamkuwa na folda wala faili moja. Aliagiza ile nyeupe kutoka kabati la ofisi. Nayo ilikuwa safi kama ilivyotoka dukani.

Bi Waya aliifungua programu yake ya kunakili, ambayo alikuwa nayo kwenye kompyuta ya mkononi, akaisoma mstari kwa mstari, akaona.

Miaka mitano nyuma diski za kwanza zilichakaa. Alinunua mpya, akazibandika vibandiko vya rangi zilezile, na hakuiambia programu. Programu ilizijua diski kwa namba zao za kiwandani, ikaendelea kuzisubiri zile za zamani. Ilipozikosa, iliweka nakala kwenye folda yenye jina la diski, ndani ya seva ileile. Kila Ijumaa iliandika "Imekamilika", na haikusema uongo. Na kwa miaka mitano yeye hakujaribu hata mara moja kurudisha ramani moja kutoka kwenye diski.

Folda hiyo ndiyo aliyoifuta saa tatu na dakika kumi.

"Mama Faili," mkurugenzi aliuliza, "diski ulikuwa unaiweka wapi?"

"Kabatini kwangu nyumbani, chini ya shuka." Uso wa mama yule ulikuwa umesawijika. "Labda ni joto. Chumba changu kina joto. Nisameheni jamani, sikujua."

Shemeji aliinama karibu na sikio la Bi Waya. "Diski huharibika, shemeji," alinong'ona. "Na yeye anaondoka mwisho wa mwezi. Nyamaza tu."

Alisema kwa mapenzi, na hilo ndilo lililomtia Bi Waya hofu zaidi, kwa sababu alitamani kumsikiliza. Alitamani sana. Akasimama.

"Si joto," alisema. "Diski hazikuwahi kuandikwa. Kosa ni langu, tangu miaka mitano, na ramani nimezifuta mimi asubuhi hii."

Mkurugenzi alifumba macho. Mchoraji mmoja aliuliza kama viwanja vyote vitapimwa upya. Shemeji, ambaye mtu angemtarajia ashangilie, alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Mimi nina wateja kumi na mmoja," alisema polepole. "Sijawahi kuzifungua diski zao za nakala." Akatoka nje na simu mkononi, karibu mbio.

Mama Faili alikuwa bado ameishika ile nyekundu. Aliigeuza huku na huku, kama mtu anayetafuta mahali pa kuifungulia.

"Ijumaa tuliyomzika mume wangu, mwaka juzi," alisema, "niliwaacha wafiwa wamekaa nyumbani, nikaja kuichukua. Dada zake hawasemi nami mpaka leo. Niliwaambia ni kazi za watu, kuna haki za watu mle." Akamtazama Bi Waya. "Siku ile, mdogo wangu, nilibeba nini?"

Bi Waya alimsogelea, akaweka mkono mezani.

"Mle hamkuwa na kitu, dada. Hata ramani moja."

Mama Faili aliitikia kwa kichwa. Aliiweka diski mezani, akaisukuma hadi ilipogusa mkono wa Bi Waya, kisha akatafuta kiti akaketi.