Wiki Tatu za Wamalwa

Wamalwa alikuwa fundi wa programu pale Kamakis, Ruiru, na mtu wa aina hiyo hapigi simu mia moja kualika watu harusini. Aliandika programu. Marafiki wa Ruiru wangepata ujumbe wa mkutano wa kamati, wiki tatu kabla ya harusi. Jamaa wa Bungoma wangepata ujumbe wa harusi yenyewe. Basi akaiambia kompyuta ichukue tarehe ya harusi, itoe wiki tatu, ipate tarehe ya kamati. Aliujaribu ujumbe wa kamati kwenye simu yake, akaona tarehe ni sawa, akatuma zote na kwenda zake kula nyama.

Haraka haraka haina baraka. Katika lugha ile ya kompyuta, ukitoa siku kabla ya kuinakili tarehe, unaibadilisha tarehe yenyewe. Harusi ikarudi nyuma wiki tatu, na Bungoma nzima ikaambiwa hivyo.

Mamake, kiongozi wa akina mama kanisani huko Bungoma, aliusoma ujumbe akafunga safari. Bila baraka zake hakuna harusi, na Wamalwa alikuwa amemwambia kwamba mchumba wake, Njambi, bado yuko kwa wazazi wake Kamenu. Ukweli ni kwamba waliishi pamoja tangu mwaka uliopita.

Ijumaa asubuhi mama akabisha hodi nyumbani kwa Wamalwa, kuku mkononi. Njambi akafungua mlango, leso kiunoni, tumbo mbele.

"Karibu, mum," alisema kwa shida.

Mama alilitazama tumbo, kisha akamtazama mwanawe.

"Wamalwa, harusi si kesho?"

Akaeleza habari ya kutoa na kunakili, jasho likimtiririka.

"Lakini naweza kurekebisha, mama. Ni kuongeza tu wiki tatu."

"Na hii tumbo? Utatoa miezi ngapi ndio ilingane na ile hadithi yako ya Kamenu?"

Wamalwa aliona aibu, akainamisha kichwa. Njambi akaangua kilio.

"Nyamaza, mtoto wangu," mama akamwambia. "Wewe hukunidanganya." Alimkabidhi kuku, akaingia chumbani, akatoka na mto wa Wamalwa na kuutupa kwenye kochi.

"Harusi iko. Lakini mimi na huyu msichana tutalala huko ndani mpaka siku hiyo ifike. Hizo wiki tatu zako, wewe utazimalizia hapa."