Mkia wa Zimwi la Kijani

Mazimwi yangu ya plastiki, yale ya sinema za Kijapani, huwa nayachambua kwenye mitumba ya Kasulu. Rafiki yangu Dieudonné nilimfundisha mwenyewe: mkia ukiuchovya kwenye maji ya moto unalainika, unachomoka.

Mwezi uliopita alikuja kwangu, na alipoondoka zimwi langu la kijani halikuwa na mkia. Kesho yake akasema, "Bila mkia ni takataka. Nipe watoto wachezee." Mimi mjinga nikampa.

Jana nililikuta kabatini kwake, lina mkia.

"Huu mkia niliununua soko la Mabamba," akanijibu kwa macho makavu.

Mkewe akatuletea chai. Nikalitoa zimwi kabatini, nikauchovya mkia kwenye kikombe chake Dieudonné, nikauchomoa. Ndani, jina langu kwa mwandiko wangu: Kezia.

"Kunywa chai yako, rafiki yangu."